Daftari la tezi dume: namba za kuandika tangu kipimo cha kwanza hadi miaka ya ufuatiliaji

Kabla ya kwenda kupima, nunua kaunta buku yenye jalada gumu. Saratani ya tezi dume ni ugonjwa wa miaka mingi. Katika miaka hiyo daktari atahamishwa, faili litapotea, maabara itabadilika, na namba ileile itakuwa habari njema leo na habari mbaya kesho. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikiwa 0.3 kwa mtu aliyeondolewa tezi yote, ina maana kuna seli zimebaki mahali. Kwa aliyepigwa mionzi, 0.3 ni matokeo mazuri. Kwa aliyeanza sindano za kuzuia homoni miezi mitatu iliyopita akiwa na 180, ni ishara kwamba dawa imeshika. Daktari akikuta 0.3 peke yake, bila tarehe na bila kujua tiba iliyotangulia, hana cha kusoma hapo.

Chora safu sita: tarehe, maabara, PSA kwa ng/ml, testosteroni (homoni ya kiume) kama imepimwa, dawa unazotumia siku hiyo, na maelezo. Kila karatasi ya majibu ibandike humo au ipige picha.

Kabla ya kutoa damu

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na nyuma yake kuna puru. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi hiyo ikiwa nzima au inaumwa, kwa hiyo kupanda kwake si lazima kuwe saratani. Hupandishwa na kuvimba kwa tezi kunakoletwa na umri, na maambukizi ya njia ya mkojo, na mkojo kuziba, na hata kuwekewa mpira wa mkojo. Ukitibiwa maambukizi au ukichukuliwa kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vya kupimwa maabara, subiri wiki 6 ndipo upime. Tendo la ndoa na mwendo mrefu wa baiskeli viache saa 48 kabla.

Kosa linalofichika zaidi ni la vidonge. Wazee wengi wanaoamka usiku kukojoa wameandikiwa finasteride au dutasteride. Ukizitumia kwa miezi 6 hadi 12, dawa hizo huishusha PSA karibu nusu, kwa hiyo 3.5 kwenye karatasi inapaswa kusomwa kama 7. Asipotaja mgonjwa, maabara haitajua. Andika jina la dawa kwenye fomu yenyewe ya kipimo.

Umri wa kuanza kulizungumza jambo hili na daktari, kwa wanaume kwa jumla, ni miaka 50. Kwa watu weusi ni 45, na kwa mwenye baba au kaka aliyeugua inaweza kuwa 40. Uingereza, ambako hesabu zimewekwa vizuri, mwanaume 1 kati ya 8 huambiwa ana saratani hii maishani mwake, na kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4. Usingoje dalili. Mkojo wa kudondoka, kuamka mara nne usiku, kusimama chooni muda mrefu, mara nyingi hayo ni ya tezi iliyokua kwa umri tu. Saratani huanza zaidi pembezoni mwa tezi, mbali na mrija, na inaweza kukaa miaka bila kumzuia mtu kukojoa.

Kuhusu kipimo cha kidole, daktari anapoipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, maneno ni mengi kuliko kazi yenyewe, ambayo haimalizi dakika moja. Kunja ngumi, ubonyeze nyama iliyo chini ya kidole gumba: tezi ya kawaida huhisika hivyo. Sasa gusa fundo la kidole: ugumu wa namna hiyo, hasa upande mmoja, ndio daktari anaoutafuta. Anayesema kipimo cha damu kimekiondoa kidole amekosea, kwa kuwa zipo saratani zenye PSA ya chini ambazo kidole huzikuta.

Mpaka wa PSA wa 4 unaochapwa kwenye karatasi nyingi si ukuta. Kwa mtu wa miaka 48, PSA ya 3.2 inahitaji kuulizwa. Kwa mzee wa miaka 78 mwenye tezi kubwa, 5 inaweza isiwe kitu. Ikipanda kidogo, rudia baada ya wiki 4 hadi 6 katika maabara ileile kabla ya kukubali kinyama. Ikiwa kidole kimekuta ugumu kama wa jiwe, au PSA imeandikwa kwa mamia, usipoteze wiki hizo.

Siku ya kinyama

Panapopatikana kipimo cha MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) na fedha zipo, kifanyike kwanza. Majibu yake hutolewa kwa alama 1 hadi 5, na 4 au 5 ndizo zinazoelekeza sindano ipite wapi. Pasipokuwa na MRI, daktari huchukua vipande kama 12 akiongozwa na ultrasaundi, kupitia puru au kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Njia hii ya pili huleta maambukizi machache zaidi.

Mambo mawili yasemwe mapema. Kwanza, dawa za kuzuia damu kuganda: aspirini, clopidogrel, wafarini. Baadhi husimamishwa siku kadhaa kabla, ila usizisimamishe mwenyewe, maana aliyewekewa kifaa kwenye mishipa ya moyo anaweza kufa kwa kujiamulia. Pili, antibayotiki zozote ulizomeza miezi 6 iliyopita. Bakteria wa utumbo huzoea dawa, na kidonge cha kinga utakachopewa kinaweza kisiwe na nguvu kwao.

Baadaye utaona damu kidogo kwenye mkojo na haja kubwa kwa siku chache, na shahawa zenye rangi ya kutu kwa wiki kadhaa. Hayo yatapita. Homa ya nyuzi 38 au kutetemeka katika wiki ya kwanza ni jambo jingine: nenda hospitali usiku huohuo, si duka la dawa, na useme wazi kwamba umechukuliwa kinyama cha tezi dume. Bakteria wakiingia kwenye damu, kesho asubuhi ni mbali. Nenda pia ikiwa mabonge ya damu yameziba mkojo.

Katika hospitali nyingi ndugu wa mgonjwa ndiye anayebeba chupa kupeleka maabara. Hakikisha ndani kuna formalini, si maji wala maji ya chumvi ya dripu, na iwe nyingi, kama mara kumi ya ujazo wa nyama. Nyama iliyokaa kwenye maji huoza, na mgonjwa hulazimika kuchomwa upya. Kila chupa iwe na jina kamili na upande ilikotoka nyama, kulia au kushoto. Majibu yakitoka, nakili namba ya maabara: vipande vilivyogandishwa kwenye nta hubaki kule, na hospitali nyingine inaweza kuviomba ivisome upya bila wewe kuchomwa tena.

Kwenye majibu tafuta vitu viwili: vipande vingapi kati ya 12 vina saratani, na alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani. Watu huiona 6 wakadhani wako juu ya nusu ya safari kuelekea 10. Sivyo. Kwa saratani inayokutwa kwenye kinyama, 6 ndiyo ya chini kabisa, na tabia yake ni ya polepole. Angalia pia mpangilio: 3+4 na 4+3 zote ni 7, lakini ya pili ni kali zaidi, kwa kuwa namba ya kwanza ndiyo iliyotawala sehemu kubwa. Baadhi ya maabara huongeza kundi la 1 hadi 5. Gleason 6 ni kundi la 1, na 9 au 10 ni la 5.

PSA chini ya 10, Gleason 6, uvimbe mdogo ndani ya tezi: hatari ndogo. PSA juu ya 20, au Gleason 8 kwenda juu, au uvimbe uliotoka nje ya tezi: hatari kubwa, na hapo skani ya mifupa na CT ya tumbo na nyonga hufuata. Mifupa iliyovunjika zamani na magoti yenye baridi yabisi nayo huwaka kwenye skani, basi yataje kabla hawajaiita saratani.

Kuamua tiba

Uingereza walifanya utafiti uitwao ProtecT kwa wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi. Wengine walifanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama asilimia 2 hadi 3 katika kila kundi. Wengi wao hawakuwa Waafrika, na wengi walikuwa na saratani nyepesi iliyogunduliwa mapema kwa PSA, kwa hiyo usiwape matokeo hayo wenye Gleason 9. Ila mwenye Gleason 6 anayeharakishwa kwenda kukatwa wiki hii ana haki ya kuuliza haraka hiyo inatoka wapi.

Kufuatiliwa maana yake ni PSA kila miezi 3 hadi 6, kidole kila mwaka, kinyama cha kurudia ndani ya mwaka mmoja hivi, kisha kila baada ya miaka kadhaa. Anayejijua kwamba hatarudi, kwa umbali au kwa nauli, aseme mapema. Kufuatilia kusikofuatiliwa ni kutelekezwa.

Upasuaji wa kuondoa tezi yote utakuacha na mpira wa mkojo siku 7 hadi 14. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, mpira ufungwe pajani usivutike, na unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni mara mbili kwa siku. Ukichomoka kabla ya siku yake, mtu yeyote asikuwekee mwingine kwa nguvu. Pale kibofu kilipounganishwa na mrija bado ni kidonda, na mpira wa kusukumwa gizani hukipasua. Rudi kwa timu iliyokupasua. Gunia na ndoo za maji usizibebe kwa wiki 6.

Kuvuja mkojo karibu kila mtu hukutana nako mpira ukitolewa, na wengi hupata nafuu kati ya mwezi wa 3 na wa 12. Mazoezi ya misuli ya nyonga yaanze kabla ya upasuaji, yasimame mpira ukiwa ndani, kisha yaendelee. Bana kama unayezuia upepo na kukata mkojo kwa pamoja. Ukisimama mbele ya kioo, uume hurudi ndani kidogo na korodani hupanda. Shikilia sekunde 10, legeza 10, mara 10, kutwa mara tatu. Ukikaza matako au kuziba pumzi, unafanyisha kazi misuli isiyohusika, na hilo ndilo huwakatisha tamaa wengi wanaosema mazoezi hayasaidii. Bana kabla ya kukohoa, kunyanyuka au kushuka kwenye daladala. Andika pedi ngapi kwa siku. Kutoka 5 kwenda 2 ni maendeleo ambayo bila daftari hutayaona.

Nguvu za kiume huweza kuchukua hadi miaka miwili kurudi, na kwa wengine hazirudi zote. Sildenafil humezwa saa moja hivi kabla, tumbo likiwa jepesi, na haifanyi kazi bila hamu. Isichanganywe kamwe na dawa za nitrati za maumivu ya moyo, zile zinazowekwa chini ya ulimi, kwa sababu presha huporomoka. Shahawa hazitatoka tena, ingawa raha ya kilele inaweza kubaki. Mkeo aelezwe haya na daktari mkiwa wote wawili kabla ya upasuaji; akiyagundua peke yake baadaye, hutafuta sababu nyingine.

Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, mara 20 kwa mpango mfupi au mara 37 hadi 39 kwa mrefu. Kwa anayetoka Songea kwenda Ocean Road Dar es Salaam, au Kigoma kwenda Bugando Mwanza, chumba na chakula cha wiki hizo huweza kuzidi gharama ya tiba, kwa hiyo uliza kama mpango mfupi unakufaa. Asiyeweza kulipa aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali akiwa na barua ya mtendaji. Asianzie kwa kutoroka.

Kila siku kabla ya mashine, jisaidie haja kubwa, kojoa, kisha kunywa maji kiasi ulichoambiwa, mara nyingi nusu lita, na usubiri. Kibofu kilichojaa huusukuma utumbo juu, mbali na mionzi. Gesi kwenye puru huisogeza tezi, na mionzi ikaangukia pasipotakiwa, kwa hiyo punguza maharage, kabichi na soda. Alama za kwenye ngozi usizisugue. Mashine zikiharibika, siku zilizopotea hufidiwa: andika “leo ni ya 14 kati ya 20”, usije ukaruhusiwa ukiwa na pungufu.

Kuungua wakati wa kukojoa na kuharisha hutulia wiki chache baada ya kumaliza. Damu kwenye haja kubwa inaweza kutokea hata baada ya mwaka. Ikitokea, mwambie atakayekuchunguza kwamba ulipigwa mionzi ya nyonga kabla hajakata kinyama kwenye puru, maana kidonda cha hapo kinaweza kisipone na kutoboka.

Homoni

Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kwamba saratani hii husinyaa ikinyimwa homoni ya kiume, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Njia kuu leo ni mbili: kuondoa korodani au kuzinyamazisha kwa sindano.

Upasuaji wa korodani ni mfupi, testosteroni huanguka ndani ya saa chache, na hakuna sindano ya kununua tena. Kwa mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa ambaye hana uhakika wa fedha kila miezi mitatu, tunaona hii ndiyo njia ya kweli kuliko sindano zinazorukwa. Anayeumia moyo kwa mfuko wa korodani kubaki mtupu aulize upasuaji unaotoa nyama ya ndani tu na kuacha ganda.

Sindano ya goserelin ya 3.6 mg ni ya kila siku 28, ya 10.8 mg ni ya kila wiki 12. Isitunzwe kwenye joto lililozidi nyuzi 25, kwa hiyo usiiache kwenye gari la Dar. Wiki ya kwanza hupandisha homoni kabla ya kuishusha, na uvimbe wa mifupa huweza kuchachamaa. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa bicalutamide 50 mg, kidonge cha kuzuia homoni, kuanzia kabla ya sindano na kwa wiki chache baada yake. Ukiambiwa “dawa imegoma” kwa kuwa PSA inapanda, kwanza pima testosteroni. Ikiwa juu ya 50 ng/dl, kilichoshindwa ni sindano, pengine ilirukwa au iliharibika.

Tegemea fukuto la ghafla, uchovu, hamu kupotea, tumbo kukua, misuli na mifupa kupungua. Tembea dakika 150 kwa wiki, na mara mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu: kuinuka kitini bila kushika mara 10, kunyanyua madumu ya maji ya ukubwa unaoumudu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa vitakupa kalsiamu. Sukari na presha zipimwe kila miezi michache. Hasira na machozi yasiyo na sababu navyo ni vya dawa, si vya tabia.

Ukiongezewa abiraterone, vidonge vya kukata homoni zaidi, kipimo cha kawaida ni 1,000 mg kwa siku tumbo likiwa tupu: usile saa 2 kabla wala saa 1 baada, kwa sababu chakula hukifanya kiasi kinachoingia mwilini kiwe mara kadhaa ya kile cha kawaida. Huendana na prednisolone. Ukiacha prednisolone ukaendelea na abiraterone, presha hupanda na potasiamu hushuka. Ini lipimwe kila wiki 2 kwa miezi mitatu ya kwanza.

Majani na magome huuzwa kila kona. Gome la Prunus africana, mti wa milima yetu, limetumika kweli hata Ulaya kwa tezi iliyokua kwa umri. Halitibu saratani. Unga usio na jina la mmea wala kipimo unaweza kuumiza figo. Kama umeshautumia, andika tarehe, usimfiche daktari.

Ufuatiliaji

Baada ya upasuaji, PSA ya kwanza ni wiki 6 hadi 8, na inapaswa kuwa chini ya 0.1. Kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 3, halafu kila mwaka. Ikifika 0.2 na kurudiwa ikathibitika, saratani imerudi, na mionzi ya kuiokoa hali hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Usiambiwe “subiri ifike 4”: mpaka huo ni wa mtu mwenye tezi.

Baada ya mionzi, PSA hushuka taratibu kwa mwaka mmoja na zaidi. Tafuta namba ya chini kabisa uliyowahi kufika, uizungushie duara, uongeze 2. Kama ni 0.4, mstari wako wa kuhesabu kwamba saratani imerudi ni 2.4. Kuruka kidogo na kushuka tena ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo ni kawaida.

Mwenye saratani ya mifupa ajue jambo moja kuliko yote: maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi, au kushindwa kukojoa ni dharura ya siku hiyo. Uvimbe unakandamiza uti wa mgongo. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Anayechelewa siku tatu akichuliwa mgongo mara nyingi harudi kusimama. Maumivu ya mfupa mmoja yanaweza kutulizwa kwa mionzi ya siku moja tu. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, si kusubiri maumivu yapande, na huambatana na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwani kufunga choo ndiko huwafanya wengi waiache. Kupewa mofini si kuambiwa unakufa kesho.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uache kwa ndugu. Andika majina ya kaka, wadogo zako wa kiume na wanao wa kiume, na mbele ya kila jina mwaka atakapofikisha miaka 40. Kama kwenye ukoo kuna saratani ya matiti au ya ovari, iandike hapo pia na umwonyeshe daktari, kwa sababu jeni ya BRCA2 iliyoharibika, inayoongeza hatari ya saratani hizo na ya tezi dume, hupita kwa wana na kwa mabinti.